Uzi: Dakshundi analia akinyanyuliwa, miguu ya nyuma inayumba. Ni mgongo kweli, na kizimba kinasaidia nini?

#1 Mzee_wa_Vigae
Wakuu habari. Dakshundi jike, miaka 5, kilo 11.2, manyoya mafupi, amefungwa kizazi, anaishi ndani, nyumba ya vigae, Dar. Tangu juzi hapandi kochi, amekunja mgongo, tumbo gumu ukiligusa, akinyanyuliwa analia. Leo miguu ya nyuma inayumba akikata kona, ila anatembea mwenyewe na anakojoa. Dokta wa mtaani kamchoma deksamethasoni na vitamini B, kasema arudishwe baada ya siku 3.
Sasa nasoma kwamba dawa ni kumfungia kizimbani wiki nzima nzima. Mimi napinga: ukimfungia mbwa, misuli inalegea, mgongo unakosa kushikiliwa, unazidi kuharibika. Wenye ujuzi njooni.

#2 Kucha_Ndefu
Hilo ni basi la mwendokasi, mkuu. Likiharibika huharibikia pale kwenye kiungo cha katikati. Naweka kambi hapa, wenye elimu wanakuja.

#3 Pingili_ya_13
Salaam. Kwa maelezo hayo naanza na diski, wengine wanipinge.

Ufupi wa miguu ya dakshundi unatokana na nakala za ziada za jeni FGF4. Iliyo kwenye kromosomu 18 inafupisha miguu. Iliyo kwenye kromosomu 12, ambayo watafiti wa UC Davis, Marekani, waliieleza mwaka 2017, ndiyo inayozeesha diski mapema. Katikati ya diski changa kuna ute unaopokea mshtuko. Kwa mbwa hawa ute huo huanza kukauka na kujaa chokaa kabla hata hajatimiza mwaka. Ukuta wa diski ukipasuka upande wa juu, chokaa inarushwa ndani ya mfereji wa pingili na kuugonga mshipa mkuu wa fahamu. Sehemu inayopasuka zaidi ni kati ya T11 na L3 (T ni pingili za kifua, L za kiuno), pale mbavu zinapoishia. T2 hadi T10 ni nadra kwa sababu kuna kano inayopita juu ya diski kutoka ubavu wa kushoto kwenda wa kulia.

Tumbo gumu lisikuchanganye. Mbwa anakaza misuli ya tumbo kuulinda mgongo, na wengi wameishia kupewa dawa ya minyoo kwa dalili hiyo.

Madaraja ni haya. La 1: maumivu tu. La 2: anayumba lakini anatembea. La 3: miguu inacheza ila haimbebi. La 4: hakuna mwendo kabisa, lakini akibanwa mfupa wa kidole anajua. La 5: hata akibanwa hajui. Wako yuko la 2.

Kuhusu kizimba: hakitibu chochote chenyewe. Kazi yake ni kuupa ukuta wa diski muda wa kufunga kovu kabla chokaa iliyobaki haijatoka yote. Mwongozo wa wataalamu wa neva wa ACVIM (chuo cha Marekani cha mabingwa wa tiba ya wanyama) wa mwaka 2022 unasema angalau wiki 4. Misuli itapungua, kweli, na itarudi kwa mazoezi. Mshipa wa fahamu uliopondwa mara ya pili haukuahidi kitu.

#4 Mama_Kizimba
Namuunga mkono #3, ila hapo kwenye "kizimba" ndipo watu wanapokosea, wanamfungia mbwa chooni au jikoni wakadhani tayari. Chumba si kizimba. Akiweza kuruka hatua tatu, hajapumzika.

Vipimo kwa dakshundi wa kilo 9 hadi 12: urefu sm 80–90, upana 55–60, kimo 60. Asimame bila kuinamisha kichwa, ageuke, ajinyooshe akilala ubavu, basi. Fundi wa kuchomelea anatengeneza kwa wavu wa chuma, ila sema matundu yasizidi inchi 1, la sivyo unyayo utanasa. Mlango uwe mbele, usawa wa sakafu, kizingiti kisizidi sm 3. Wa kufungulia juu kataa, maana kila haja utalazimika kumnyanyua.

Chini weka plaiwudi, juu yake povu zito la sm 5 (si godoro laini linalobonyea, anayumba humo), kisha turubai, kisha mkeka wa mpira usioteleza, kisha shuka. Bakuli la maji lifungwe kwenye wavu usawa wa kifua ili asiiname. Dar kuna joto: feni ipulize kwa pembeni, kizimba kisiwe chini ya bati wala dirishani penye jua la mchana. Chupa ya maji ya barafu iliyozungushiwa kitambaa inasaidia, aegemee akitaka.

Haja mara 4 kwa siku, dakika 5, kamba fupi, mkanda wa kifuani na siyo kola. Chini ya tumbo, mbele ya mapaja, pitisha kanga iliyokunjwa iwe mbeleko. Usimbebe nayo. Inamshikilia tu asianguke akiyumba. Kwa dume iweke nyuma kidogo isizibe njia ya mkojo.

#5 Kucha_Ndefu
Mbeleko ya kanga. Ina jina upande wa chini au tuandike wenyewe?

#6 Mama_Kizimba
Andika "Usinirushe kochini". Na kumnyanyua: mkono mmoja chini ya kifua nyuma ya miguu ya mbele, mwingine chini ya makalio, mgongo ulale sawa na sakafu, umkumbatie kifuani mwako. Anayeshikwa makwapa huku nyuma kunaning'inia ndiye anayelia.

#7 Tabibu_wa_Nakuru
Hamjambo. Nataka kuongelea hiyo deksamethasoni, ambayo ni steroidi, maana kila mtu ameipita.

Inapunguza uvimbe, mbwa anachangamka ndani ya saa chache, mwenye mbwa anafurahi, mbwa anaruka kochi, diski inamaliza kumwagika. Huo ndio mtego wa kwanza. Wa pili: utafiti wa Marekani uliochapishwa 2008 ulionyesha mbwa wa diski waliopewa deksamethasoni walipata zaidi maambukizi ya njia ya mkojo na kuhara. ACVIM ya 2022 haipendekezi steroidi kwa tatizo hili.

Mtego wa tatu ndio unaoua. Keshokutwa mtu anaona maumivu yamerudi, anakwenda duka la dawa, ananunua diklofenaki au ibuprofeni. Hizo mbili hata peke yake ni sumu kwa mbwa. Zikikutana na steroidi iliyomo mwilini, tumbo linatoboka: kinyesi cheusi cha kunata, matapishi ya rangi ya kahawa, ufizi mweupe. Hata dawa sahihi za maumivu za mbwa kama meloksikamu au kaprofeni zinasubiri, kwa kawaida siku 5 hadi 7 baada ya steroidi.

#8 Bei_Poa
Meloksikamu za binadamu zipo kila duka, kidonge kimoja ni bei ya maji ya kunywa. Nusu kidonge kwa mbwa huyu shida iko wapi?

#9 Tabibu_wa_Nakuru
Shida ni hesabu. Dozi ya mbwa ni mg 0.2 kwa kilo siku ya kwanza, halafu 0.1 kwa kilo mara moja kwa siku. Mbwa wa kilo 11.2 anahitaji mg 1.1 kwa siku. Kidonge cha binadamu ni mg 7.5. Nusu yake ni 3.75, zaidi ya mara tatu ya dozi, kila siku. Figo hazikusamehi. Kuna dawa ya maji ya mbwa ya mg 1.5 kwa mililita na bomba lake la kupimia.

Wakati wa kusubiri steroidi itoke, daktari anaweza kuandika gabapentini, takriban mg 10 kwa kilo kila saa 8. Hiyo haigusi tumbo, inaleta usingizi na kuyumba kidogo. Angalizo: ya maji ya binadamu mara nyingi imetiwa ksilitoli, sukari bandia inayoangusha sukari ya mbwa na kuharibu ini. Chukua kapsuli.

Vitamini B haidhuru. Haizibi diski pia.

#10 Kupe_Hapana
Mnakimbilia mgongo kwa kuwa ni dakshundi. Angekuwa mbwa wa kawaida wa mtaani mngeuliza kwanza kupe. Ehrlikia, ugonjwa wa kupe, inaleta maumivu ya viungo na mgongo, kukosa hamu ya kula, kuyumba. Babesia, nayo ya kupe, inalegeza mbwa hadi miguu ya nyuma inakataa. Maswali kwa mleta uzi: joto lake la mkunduni? Ufizi una rangi gani? Mkojo? Amewahi kuonekana na kupe mwezi huu? Joto la kawaida ni 38 hadi 39.2. Kama ni 39.8, mimi diski naiweka foleni ya nyuma.

Na chanjo ya kichaa ameshapata? Afrika Mashariki mbwa yeyote anayepooza bila historia ya chanjo unamshika kwa glovu, wala humwingizi mkono mdomoni kumlisha kidonge. Kichaa cha kupooza si lazima kitoe povu la sinema.

#11 Mzee_wa_Vigae
Asanteni. Chanjo ya kichaa anayo, ya mwaka huu. Joto nimepima 39.4. Ufizi pinki. Kupe walikuwepo wawili masikioni wiki iliyopita. Mkojo rangi ya kawaida.

#12 Kupe_Hapana
39.4 na kupe wawili. Sisemi kitu.

#13 Pingili_ya_13
Maumivu na hofu ya kushikwa peke yake yanafikisha 39.4, na huyu kapigwa pia steroidi inayoshusha homa. Kipimo hicho hakisemi lolote upande wowote. Apimwe damu, chembe zote pamoja na chembe sahani (zinazogandisha damu). Hapo nakubaliana nawe.

#14 Funza_wa_Koo
Mmesahau mwenyeji wa huku: Spirocerca lupi. Mdudu huyu anasafirishwa na mende wa kinyesi. Mbwa anakula mende, au anakula kuku, mjusi au panya aliyekula mende. Lava anapenya tumbo, anapanda kwenye ukuta wa mshipa mkuu wa damu, anavuka hadi kwenye koo la chakula na kujenga uvimbe. Njiani anaziwasha pingili zinazopakana naye, za kati na za mwisho za kifua, zinaota mfupa upande wa chini. Mbwa anakuwa na mgongo mgumu unaouma. Mara chache lava anapotea njia na kuingia kwenye mfereji wa mgongo wenyewe, mbwa anapooza.
Muulizeni: anatapika au kurudisha chakula muda mfupi baada ya kula? Anameza meza mate? Anazurura uani kwenye kuku?

#15 Mzee_wa_Vigae
Kuku wapo wa jirani. Mende anawawinda sana, nilidhani ni mchezo. Kutapika hapana.

#16 Kucha_Ndefu
Kesi inazidi washtakiwa: diski, kupe, mende, na kochi.

#17 Sindano_Kushoto
Ongezeni mwingine. Deksamethasoni alichomwa wapi? Kama ni nyuma ya paja, msuli wa nyuma, mshipa wa fahamu wa mguu unapita hapohapo. Mbwa akichomwa vibaya anaburuza mguu MMOJA, unyayo unakunjika chini, wakati mgongo hauna kosa. Kwa mbwa mfupi mwenye paja dogo ni rahisi kukosea. Dawa ya mgongo ichomwe chini ya ngozi au kwenye misuli ya mbele ya paja.

#18 Mzee_wa_Vigae
Alichomwa paja la kulia. Ila kuyumba kulianza kabla ya sindano, saa kadhaa. Na anayumba miguu yote miwili, wa kulia zaidi kidogo.

#19 Pingili_ya_13
Basi sindano inaweza kueleza tofauti ya kulia, haielezi yote. Pima hivi, mara mbili kwa siku, uandike: msimamishe kwenye mkeka usioteleza, mtu mwingine ashike kifua. Kunja unyayo wa nyuma, mgongo wa unyayo uguse chini, achia. Mzima anaurudisha ndani ya sekunde moja. Akichelewa au akiuacha, mshipa wa fahamu umeguswa. Fanya kila mguu mara 3. Usibonyeze mgongo kutafuta panapouma, hiyo ni kazi ya daktari na hata yeye hufanya kwa vidole viwili taratibu.

Piga video ya sekunde 20 akitembea kuelekea kwako na akiondoka, kila asubuhi. Macho ya mwenye mbwa yanadanganya, yanaona nafuu kwa sababu yanaitaka.

Akishindwa kusimama, hilo si la kusubiri miadi. Daraja la 3 na la 4 wakipasuliwa, wengi mno wanarudi kutembea, zaidi ya 9 katika 10. Daraja la 5 wakipasuliwa ni kama nusu tu, wasipopasuliwa ni wachache sana.

#20 Bei_Poa
Ukishapita saa 24 bila hisia ndiyo basi, hata upasuaji haufai. Hilo liko wazi.

#21 Tabibu_wa_Nakuru
Haliko wazi. Zamani ilifundishwa hivyo, saa 24 au 48. Ushahidi wa kwamba saa fulani ndiyo mpaka haujakaa vizuri, wapo waliopasuliwa baadaye wakarudi. Mapema ni bora kuliko kuchelewa, lakini saa si mlango unaofungwa.

Kosa kubwa zaidi hapo ni jinsi watu wanavyopima hisia. Ukimbana kidole mbwa akauvuta mguu, hiyo si hisia, ni mrejesho wa uti chini ya jeraha, hata aliyekatika kabisa anavuta. Hisia ni akigeuza kichwa, akilia, akitaka kuuma, mboni zikitanuka. Watu wanapewa matumaini ya uongo kwa mguu uliovutika.

Na kati ya wa daraja la 5, kama 1 katika 10 uti unayeyuka kupanda juu siku chache baadaye: mkia na mkundu vinalegea, tumbo linalegea, kisha miguu ya mbele, kisha pumzi. Huyo hapasuliwi tena, analazwa kwa amani.

#22 Mwana_Eksrei
Salaam. Kabla hamjampeleka picha: eksrei haionyeshi mshipa wa fahamu wala chokaa laini iliyomwagika. Inaonyesha nafasi iliyobana kati ya pingili, na diski zenye chokaa. Mtego: diski inayong'aa kwa chokaa ikiwa mahali pake mara nyingi siyo mkosaji. Mkosaji ni ile iliyokwisha kujimwaga, nafasi imekuwa nyembamba.

Picha ziwe mbili, ya ubavu na ya chali, miale ikilengwa T13–L1. Ukilenga katikati ya mbwa mzima, pembezoni nafasi zote zinaonekana zimebana kwa sababu ya mshazari wa miale. Akilazwa usingizi kwa ajili ya picha, misuli iliyokuwa inamlinda inalegea, kwa hiyo abebwe kwenye ubao, asikunjwe. Mwambie na picha ya kifua cha nyuma ichukuliwe, kwa heshima ya #14.

Pasipo MRI wala CT skani, njia ya zamani bado inafanya kazi: dawa ya kung'arisha, iohexol, inachomwa kwenye maji ya uti karibu na L5–L6 kisha anapigwa picha. Mstari wa dawa unakatika pale panapobanwa. Hatari yake ni degedege baada ya kuamka, kwa hiyo kichwa kiinuliwe na aangaliwe usiku huo. Kwa Tanzania anzeni kuuliza hospitali ya wanyama ya SUA Morogoro, kwa Kenya kitivo cha Kabete. Upasuaji mgumu wa neva watu hupeleka Onderstepoort, Pretoria.

#23 Bibi_Chokaa
Wapendwa, mnampa kalisiamu? Mbwa wa mgongo amekosa kalisiamu, unga wa maganda ya mayai kijiko kimoja asubuhi.

#24 Pingili_ya_13
Bibi shikamoo. Hapana, usimpe. Chokaa ya kwenye diski haitokani na upungufu wala wingi wa kalisiamu kwenye chakula, ni tishu iliyochakaa inayojijaza madini yenyewe. Glukosamini nayo inalenga gegedu za viungo. Hakuna ushahidi wa maana kwamba inazuia diski kupasuka.

#25 Bibi_Chokaa
Marahaba. Mayai nitakula mwenyewe.

#26 Kilo_Moja_Moja
Kilo 11.2 kwa mwili wa dakshundi jike mara nyingi ni mafuta. Msimamishe umtazame kutoka juu: kiuno kinaonekana? Mbavu unazihisi bila kubonyeza? Kama hapana, mlengeni 9.5.

Hesabu: chukua kilo 9.5, ipandishe kwa kipeo 0.75, zidisha kwa 70. Unapata kama kilokalori 380 kwa siku. Akiwa kizimbani hahitaji zaidi ya hapo. Chakula kikavu chenye kilokalori 350 kwa gramu 100 ni gramu 108 kwa siku nzima, pamoja na vipande vya kumpongeza. Pimeni kwa mizani ya jikoni. Kikombe cha chai kinadanganya. Boga la kuchemsha bila chumvi vijiko viwili linamshibisha na kulainisha choo, maana kujikamua na mgongo unaouma ni adhabu. Vitunguu kwenye supu, hapana.

#27 Fundi_Mbao_Tanga
Nimeona picha ya mleta uzi kule kwenye uzi wa samani. Ule ubao wa kupandia kochi ni sm 80, kochi sm 45. Mwinuko wake ni nyuzi 34, huo ni ukuta. Lenga nyuzi 18 hadi 20. Kwa kochi la sm 45 ubao uwe sm 130 hadi 145. Kwa kitanda cha sm 60 uende hadi 190. Upana 40, kingo za sm 5 pembeni, juu gundi kapeti fupi au mpira. Mbao laini za kupaka vanishi ataziteleza, atauogopa, atarudi kuruka. Na hii ni ya baada ya kizimba, siyo sasa.

#28 Mchokozi_wa_Ngazi
Hapa nawapinga nyote. Utafiti wa wenye dakshundi Uingereza uliochapishwa 2016 ulikuta waliotembezwa zaidi ya saa moja kwa siku, na hata walioruhusiwa kuruka kochini, walikuwa na matatizo kidogo ya diski. Danimarka nako waliona mbwa wanaopanda ngazi walikuwa na chokaa kidogo. Kochi limeonewa.

#29 Tabibu_wa_Nakuru
Kweli walikuta hivyo, ila soma mshale unaelekea wapi. Mwenye mbwa aliyekwisha kuumwa mgongo ndiye anayezuia kochi. Anajibu dodoso, inaonekana kuzuia kochi kunaleta ugonjwa. Hilo la kutembezwa naliamini zaidi: mbwa mwenye misuli na asiye mnene. Lakini hayo ni ya mbwa mzima. Aliyepasuka juzi hapandi ngazi.

#30 Mchokozi_wa_Ngazi
Ukweli nusu nimeupata, natosheka. Na kufungwa kizazi? Uingereza hiyohiyo, 2018, majike waliofungwa kabla ya miezi 12 walikutwa na hatari kubwa kuliko ambao hawakufungwa.

#31 Mama_Kizimba
Hilo la wafugaji wa kuzalisha. Kwa huyu limeshapita. Kama unazalisha, Nordiki wanapiga eksrei mgongo mzima mbwa akiwa na miezi 24 hadi 48 na kuhesabu diski zenye chokaa: sifuri, 1–2, 3–4, 5 na kuendelea. Wa tano kwenda juu hazalishwi. Kipimo cha jeni hakisaidii sana kwa dakshundi kwa sababu karibu wote wanayo nakala ya kromosomu 12.

Mleta uzi, kibofu. Hilo hakuna aliyeligusa. Akianza kudondosha matone akilala, usifurahi kwamba anakojoa. Inaweza kuwa kibofu kimejaa kinafurika. Simama nyuma yake, viganja bapa pande mbili za tumbo mbele ya mapaja, tafuta mpira wa saizi ya limao hadi chungwa. Bana polepole kuelekea nyonga, nguvu moja isiyokatika, mpaka mkojo usimame, kila baada ya saa 6 hadi 8. Ukiwa mgumu na hautoki, usilazimishe, mwachie daktari. Mkojo wenye harufu kali au ukungu, upimwe. Asiyeweza kugeuka mwenyewe mgeuze ubavu kila saa 4 na uangalie vifundo na nyonga kama ngozi imeanza kuwa nyekundu.

#32 Mzee_wa_Vigae
Nimerudi. Damu: chembe sahani 118, wengine wote kawaida ila chembe nyeupe ziko juu kidogo. Eksrei: nafasi ya T12–T13 imebana, na diski mbili za L zina chokaa lakini ziko mahali pake. Unyayo wa kulia anaurudisha kwa sekunde 2, wa kushoto mara moja. Yuko kizimbani. Analalamika kwa sauti.

#33 Kupe_Hapana
118, wakati kawaida ni 200 kwenda juu! Nilisema. Doksisaiklini mg 10 kwa kilo kwa siku, siku 28, pamoja na chakula na maji juu yake, kidonge kisikwame kooni kikaunguza.

#34 Pingili_ya_13
T12–T13 imebana, nilisema. Chembe nyeupe kupanda ni kazi ya steroidi.

#35 Tabibu_wa_Nakuru
Ninyi wawili, mbwa anaruhusiwa kuwa na vyote. Na matokeo hayo yanabadilisha mpango: chembe sahani zikiwa chini sipendi meloksikamu hata baada ya siku za kusubiri, wala sipendi mtu amchome sindano ya uti. Rudia hesabu kwa kuitazama damu kwenye kioo, maana mashine huhesabu vibaya chembe zikishikana. Wakati huohuo kizimba kinaendelea, gabapentini inaendelea, doksisaiklini daktari wake aamue. Wiki 4 zikiisha bila kurudi nyuma, anaanza kutembea dakika 5 mara mbili kwa siku kwenye kamba, unaongeza dakika 5 kila wiki. Video zikionyesha ameshuka hata kidogo, unarudi hatua nzima.

#36 Funza_wa_Koo
Picha ya kifua cha nyuma je? Walipiga?

#37 Mzee_wa_Vigae
Picha imeanzia T10.

#38 Funza_wa_Koo
Basi mende bado ni mshtakiwa. Irudiwe kuanzia T5, ubavu wa kulia chini, na choo kipelekwe mara 3 siku tofauti, kieleshwe kwenye maji ya sukari nzito, maana mayai yake ni mazito na hayatoki kila siku. Choo kikikosa mayai bado haimwachii huru.